Kadi ya Tatu Haikuwemo Daftarini

Hii nimesimuliwa na mkwe wangu, Jumatano iliyopita, tukikunja nguo zilizokauka.

Alikunja shuka la kwanza akacheka. La pili akacheka tena. La tatu nikamwambia, "Wewe, kama una jambo liseme. Au mashuka yanakutekenya?"

Akalisema. Nikatafuta kiti.

Maana yote aliyoniambia yalitokea ndani ya nyumba ninayolala, mbele ya macho yangu haya haya mawili, na nilikuwa sijui kitu. Mbaya zaidi, mimi mwenyewe nilitoa ushahidi wa uongo bila kulazimishwa na mtu.

Twende taratibu.

Mkwe wangu huyo tunamwita Mama Pacha, kwa ajili ya wanawe wawili ambao sasa wako shule ya bweni. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Anachorea chumbani kwao, kwenye kimeza kilichobanwa kati ya kabati na kitanda. Akitaka kuinuka lazima kwanza asukume kiti, kiti kigonge kitanda, halafu atoke ubavu kama kaa.

Miaka sita anatoka ubavu.

Mumewe ni mwanangu wa kwanza, mwalimu wa hesabu. Mdogo wake mumewe ni fundi wa kompyuta, ana kibanda chake mtaa wa pili, lakini chai ya asubuhi na chakula cha jioni anakula kwetu. Wa kwanza mtamjua kwa jina la Mwalimu, wa pili Fundi. Hata mimi niliyewazaa nawaita hivyo hivyo.

Sasa, kulikuwa na mkunga mmoja mstaafu. Mama wa heshima, mrefu, sauti ya kuamrisha. Alitaka kujenga zahanati ndogo ya kina mama wajawazito, akaita wachoraji wanne, kila mmoja na siku yake. Siku ya Mama Pacha ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, palepale nyumbani kwetu.

Akiipata kazi ile, atakodi chumba cha ofisi. Alishakiona. Kina dirisha la kuangalia barabarani, na mwenye nyumba alikubali kumshikia hadi mwisho wa mwezi tu.

"Mama," aliniambia siku aliyotoka kukiona, "nimesimama katikati ya kile chumba nikanyoosha mikono yote miwili. Sikugusa kitu!"

Aliyasema hayo kama mtu aliyetoka kuona bahari mara ya kwanza.

Kikwazo kilikuwa picha. Siku hizi mteja hataki mistari peke yake. Anataka aione nyumba kabla haijajengwa: mlango unafunguka hivi, jua linaingia hivi. Picha hizo kompyuta huzipika, ndivyo Mama Pacha anavyosema, inapika. Na kompyuta yake ilikuwa inapika picha moja dakika arobaini. Arobaini! Na ukiigusa katikati, inaganda, unaanza upya.

Dawa yake ni kadi ya grafiksi. Mimi nilidhani kadi ni ya harusi. Kumbe ni kitu kikubwa kama tofali, kina feni zake, unakipachika ndani ya lile sanduku la kompyuta, kazi yake ni picha tu. Kompyuta huzaliwa na kijikadi kidogo cha kuanzia maisha, lakini kwa kazi ya Mama Pacha kile kilikuwa ni kumtwisha mtoto gunia.

Pesa alikuwa ameshaweka. Ya kadi moja, na duka lile bidhaa ikitoka hairudi.

Kosa lake likawa moja. Akauliza mezani, mbele ya ndugu wote wawili:

"Ninunue ipi?"

Loo.

"Ya boksi jeusi," akasema Mwalimu.

"Ya boksi jeupe," akasema Fundi, hapo hapo, wakati mmoja, kama wameimbishwa.

Wakatazamana. Nikajua hapa chai itapoa.

"Nyeusi ina kumbukumbu giga kumi na mbili," akasema Mwalimu. "Yako ina nane. Kumi na mbili na nane, kipi kikubwa?"

"Kaka, nani kakuambia ukubwa wa ghala ndiyo biashara? Ghala lako kubwa lakini mlango mwembamba. Njia ya biti mia na tisini na mbili! Yangu ni mia mbili hamsini na sita. Mzigo unapita hauombi njia."

"Viini je? Yangu viini elfu tatu na mia tano."

"Viini vya nyeusi na viini vya nyeupe havihesabiwi pamoja. Ni kampuni mbili. Wewe unahesabu vibarua bila kuuliza nani anabeba nini."

"Hesabu ni hesabu."

"Ndiyo maana wewe unafundisha na mimi natengeneza."

Hapo pakawa moto.

Mama Pacha akainua mkono kama mwanafunzi. "Jamani, mimi nataka tu ile itakayopika picha zangu upesi."

"Subiri shemeji," akasema Fundi. "Kitu hiki hakitaki papara."

"Subiri mke wangu," akasema Mwalimu. "Tunakifanyia utafiti."

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo wanakubaliana.

Mwalimu akaleta daftari la mraba, jipya, akachora jedwali kwa rula. Kushoto nyeusi, kulia nyeupe. Kumbukumbu. Upana wa njia. Kasi. Viini. Wati za umeme. Idadi ya feni. Urefu kwa milimita. Akafika hadi uzito, nikamuuliza kama wanataka kuila.

Kila jioni wakawa wanaongeza mstari. Fundi anakuja na simu, "Nimepata jaribio jipya, nyeupe imeshinda kwa asilimia sita!" Mwalimu anavaa miwani, "Jaribio la mchezo wa vita hilo. Mama Pacha anachora zahanati, hapigi mtu risasi." Kesho yake Mwalimu anakuja na lake, Fundi analikataa, "Hao wamelipwa hao!"

Wiki ya kwanza ikapita.

Wiki ya pili wakahamia kwenye wati. Mwalimu akakokotoa umeme wa miaka mitano. Fundi akamwuliza kama kompyuta itakuwa haizimwi hata siku ya msiba wake.

Wiki hizo zote Mama Pacha yuko chumbani, anabofya, anangoja. Dakika arobaini. Anatoka ubavu, anakuja jikoni, ananimenyea vitunguu, anarudi.

"Hawa watamaliza lini?" aliniuliza.

"Wakiwa wadogo," nikamjibu, "walibishana kipi kinatangulia kuchemka, sufuria ndogo au kubwa. Nikapika, tukala, nikaosha vyombo, bado wanabishana."

Alicheka, lakini cheko lenyewe halikufika machoni.

Wiki ya tatu, Ijumaa, akachukua pochi yake. "Leo naenda dukani. Anayekuja aje."

Wakaenda wote watatu, na daftari kwapani.

Muuza duka alikuwa mtu wa maneno machache. Mwalimu akafungua ukurasa wa kwanza, akajisafisha koo, akaanza. Akaeleza kumbukumbu. Fundi akamkatiza akaeleza njia. Yule bwana aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, kwa adabu kabisa.

Halafu akasema, "Zote mbili ziliisha wiki iliyopita."

Mwalimu akafunga daftari.

"Zote?"

"Zote. Imebaki hii."

Akaweka juu ya kaunta boksi la bluu.

Boksi la bluu! Halikuwemo daftarini. Halikuwemo hata kwa kutajwa. Wiki tatu, kurasa kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuandika neno bluu isipokuwa rangi ya kalamu.

Mama Pacha hakungoja. "Nifungie."

Na hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kuona maajabu. Hawajafika hata nyumbani, Mwalimu alishasoma ubavu wa boksi, uso umeng'aa.

"Giga kumi na mbili! Mnaona? Hii ni ndugu wa nyeusi kabisa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa sahihi."

Fundi naye akasoma. "Njia biti mia na tisini na mbili. Mlango ule ule mwembamba. Shemeji, umenunua ghala la kufungia mbuzi. Mimi simo."

"Simo vipi wakati wewe ndiye fundi?"

"Nitaipachika. Lakini kwa kinyongo."

Na kweli aliipachika kwa kinyongo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Nyuma ya lile sanduku la kompyuta kuna waya nyingi, kama utumbo. Mwalimu ni mtu wa utaratibu. Kabla waya hata mmoja haujachomolewa, alikata vikaratasi vya gundi, akaandika herufi. Waya A, na tundu lake A. Waya B, tundu B. Mpaka F. Kila mmoja na kwao.

"Hivi ndivyo watu wenye akili wanavyofanya," akasema.

Fundi akafungua sanduku, akapachika kadi, akakaza skrubu mbili, akaunga umeme wake. Akatupa bisibisi mezani.

"Kazi ya fundi imeisha. Waya zako rudisha mwenyewe na alfabeti yako."

Akatoka. Nilimsikia akifungua sufuria jikoni.

Mwalimu akarudisha. A kwenye A. B kwenye B. Hakukosea hata mmoja. Akawasha.

Jamani, ile kadi iliwaka! Taa ya bluu ndani ya sanduku, feni tatu zinazunguka, chumba kimekuwa kama ukumbi wa sherehe. Tukaitwa wote kuja kushuhudia. Tulisimama juu ya kitanda maana chini hapakuwa na nafasi.

Mama Pacha akafungua picha ya mapokezi ya zahanati.

"Ona!" akasema Mwalimu. "Ona rangi ilivyotulia! Ona kasi!"

"Naona mkokoteni," akasema Fundi, mdomo umejaa. "Ile nyeupe ingekuwa imeshamaliza, inaosha mikono."

"Mama, wewe unaonaje?" Mwalimu akanigeukia.

Sasa mimi niseme nini? Picha niliiona ile ile ya jana. Lakini pesa imeshatoka, taa zinawaka, mwanangu ananitazama kama alipoleta ripoti ya darasa la tatu. Nikisema sioni, wataanza mambo ya macho yangu na kunipeleka hospitali.

"Imekuwa nyepesi," nikasema. "Inaonekana kabisa."

Mungu anisamehe. Inaonekana kabisa!

Walipotoka, Mama Pacha akabofya, akatazama saa ya ukutani.

Dakika arobaini.

Akarudia. Thelathini na tisa na kitu.

Akakaa akiitazama ile taa ya bluu. Amwambie Mwalimu? Mwalimu alikuwa keshapiga simu kwa walimu wenzake wawili kuwaeleza. Amwambie Fundi? Fundi angelicheka hadi mwisho wa mwaka, na ndugu wale wangekosana kweli. Akajiambia, labda ndivyo kadi ilivyo, labda mimi nilitarajia makuu. Akameza.

Na akaanza kazi. Picha arobaini na nane, kila chumba na pembe zake, dakika arobaini arobaini. Siku nane. Mwalimu akipita mlangoni anasema, "Inaruka, eh?" Yeye anajibu, "Inaruka." Fundi akipita anasema, "Bado inatambaa?" Yeye anajibu, "Shemeji, nenda zako."

Lakini dakika arobaini ni nyingi. Vitunguu vyote nilivyokuwa navyo vilishamenywa. Akawa anakaa tu anaitazama ramani yake. Anaitembea kwa macho. Mama mjamzito anaingia hapa. Anaandikishwa hapa. Uchungu umebana, analazwa kwenye machela, anasukumwa kwenye korido, anakata kona...

Jumamosi asubuhi, saa nne, picha ya mwisho ikiwa jikoni, akatoka chumbani ubavu, macho yamemtoka.

"Mama, njoo unishikie benchi."

"Benchi la nini?"

"La barazani. Lina urefu wa machela."

Alichukua chaki za mumewe, akachora sebuleni mistari miwili ya korido, mita moja na robo, na kona ya kuingia chumba cha kujifungulia. Akapima kwa futikamba. Mimi mbele, yeye nyuma, benchi katikati. Tukatembea.

"Mgonjwa yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko juu ya benchi, mama, anapiga kelele. Haraka!"

Tukaharakisha. Tukafika konani. Nikageuka.

Benchi likagoma.

Tukarudi nyuma, tukajaribu kwa ubavu. Likagoma. Tukainua upande mmoja.

"Mgonjwa keshaanguka," nikamwambia.

Akakaa juu ya benchi lile lile. Kona yote haipitiki. Lazima ukuta wa korido usogee, korido iwe mita mbili. Ukuta ukisogea, vyumba vyote vinabadilika. Vyumba vikibadilika, picha zote arobaini na nane si za zahanati ile tena.

Mwalimu akatoka na daftari za wanafunzi mkononi, akasikia habari, akaruka mistari ya chaki kama ni maji.

"Mke wangu, ziache hivyo hivyo. Picha ni nzuri, mkunga ataangalia picha. Nani anapima kona kwenye picha?"

"Mwenye uchungu ataipima."

"Hujapata kazi bado. Ipate kwanza, urekebishe baadaye."

"Nimwoneshe mtu zahanati ambayo najua inaua?"

Mwalimu akahamisha daftari mkono wa pili. Halafu uso ukang'aa. "Lakini si una kadi? Piga upya zote! Ya nini kadi?"

Akarudi zake kusahihisha, roho nyeupe.

Mama Pacha akabaki. Ukuta aliusogeza, kwenye mistari ni kazi ya saa moja. Lakini picha? Alipiga hesabu. Arobaini na nane mara dakika arobaini ni saa thelathini na mbili. Mkunga anakuja baada ya saa ishirini na tatu. Hata asilale, hata asile, hata akiomba muujiza.

Kile chumba cha dirisha la barabarani akakiona kinafungwa kitasa, polepole.

Akabofya picha ya kwanza hivyo hivyo, kwa ubishi tu. Akaegemeza kichwa juu ya sanduku la kompyuta, alie kidogo kabla mtu hajaingia.

Na hakulia.

Upande mmoja wa sanduku ulikuwa unachoma shavu. Pale kinapokaa kile kijikadi cha kuzaliwa nacho, moto kama pasi. Akahamisha shavu chini kidogo, ilipo kadi mpya.

Baridi.

Akaweka kiganja. Baridi kabisa. Taa inawaka, feni zinazunguka, na baridi kama sufuria iliyoko rafuni.

Alisema mwenyewe Jumatano: "Mama, nikajiuliza, chungu gani kinakaa jikoni siku nane hakipati moto?"

Akageuza sanduku. Yeye ni mchora nyumba, kazi yake ni kufuata mabomba yanatoka wapi yanaingia wapi. Akaushika waya wa skrini, waya A, akaufuata kwa vidole hadi nyuma. Umeingia kwenye tundu A. Tundu la zamani. La kijikadi cha zamani.

Na chini yake kidogo, kwenye kadi mpya, matundu manne yanang'aa, hayajaguswa na kitu, bado yana vifuniko vyake vya plastiki.

Siku nane kadi ile ilikuwa mgeni. Imekaa, imevaa vizuri, haijatumwa hata maji.

Hakuna aliyekosea herufi hata moja. Ndiyo balaa lenyewe! Mwalimu alirudisha kila waya kwao, kwa usahihi wa kupigiwa makofi, na aliyejua kwamba ule mmoja umepata kwao kupya alikuwa jikoni amenuna, anakula.

Mama Pacha akachomoa, akatoa kifuniko, akachomeka. Akabofya.

Akainuka akachukue maji, kwa mazoea. Aliporudi na kikombe, picha tayari.

Akabofya ya pili. Dakika nne.

Akakaa sakafuni, akacheka bila sauti, mkono mdomoni.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi, na umri wangu huu, nisingelifanya. Mimi ningetoka nikaitangazia nyumba nzima. Yeye alibandua kile kikaratasi cha herufi A kwenye tundu la zamani, taratibu kisichanike, akakibandika kwenye tundu jipya. A kwenye A. Mwalimu akija kukagua, alfabeti yake iko salama.

Saa tisa alasiri picha zote arobaini na nane zilikuwa zimeiva.

Mwalimu alipita mlangoni, akaona picha zinavyotoka moja nyuma ya nyingine, mara kumi ya jana. Mara kumi, mtu wa hesabu!

"Inaruka," akasema. "Ile ile ya siku ya kwanza. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Fundi akaja nyuma yake, akatazama, akasafisha meno kwa kijiti.

"Bado inatambaa. Ile nyeupe, shemeji..."

"Nenda zako shemeji."

Hakuna aliyeona tofauti. Kadi isiyofanya kazi na kadi inayofanya kazi zilipata maksi zile zile, kwa kila mmoja wao. Nami nilichungulia pia, nikasema ni nyepesi. Safari hii nilisema kweli, kwa bahati.

Jumapili saa nne kamili mkunga akagonga. Akawekwa kwenye kiti, akaoneshwa picha. Mapokezi, dirisha, jua la asubuhi. Akatazama tano au sita hivi.

"Nzuri," akasema. "Zima. Nipe karatasi."

Mwalimu nusura aanguke.

Mkunga akatandaza ramani juu ya meza, akavaa miwani, akaweka vidole viwili kwenye korido, akavitembeza kama mtu anayesukuma kitu.

"Machela inageukaje hapa?"

Mama Pacha akamwonesha. Mita mbili. Halafu akamwonesha sakafuni, chaki haijafutika, ile korido ya kwanza iliyogoma, akamweleza habari ya benchi bila kuficha. Mimi nikajitokeza, nikasema nilishika mbele.

Mkunga akaifuata ile chaki kwa miguu hadi konani.

"Nimesukuma machela miaka thelathini na moja," akasema. "Watatu waliokutangulia picha zao zilikuwa zinang'aa kuliko hizi. Nimewauliza swali hilo hilo. Wote wakanionesha picha nyingine."

Akakunja ramani, akaitia mkobani. "Tutaanza lini?"

Alipotoka, Mama Pacha alisimama katikati ya sebule akanyoosha mikono yote miwili. Aligonga kabati la vyombo. Hakujali.

"Mmeona kazi ya giga kumi na mbili?" akasema Mwalimu, amevimba.

"Kwa nyeupe," akasema Fundi, "hiyo korido ingekuwa mita tatu."

Sasa, mkwe wangu aliponisimulia haya Jumatano, alinishika mkono akaniambia, "Mama, usimwambie mtu yeyote wa nyumbani." Nikaapa. Ninyi si wa nyumbani, na wanangu wale wawili mambo ya kusoma bila jedwali hawana.

Mimi nimejifunza moja. Mtu akikuuliza unaonaje, na huoni kitu, sema sioni. Mkwe wangu alipoteza siku nane kwa sababu watatu tulijibu haraka, na hata mmoja hakuweka kiganja aone kama kuna moto. Na sikutengi, msomaji: nenda kaguse hicho unachokisifu.

Nimalizie Jumapili ile.

Baada ya chakula cha mchana nyumba ilitulia. Mwalimu alilala kwenye kochi na lile daftari kifuani, amefungua ukurasa wa ishirini. Fundi kamwambia kaka yake kwamba mwenye ofisi lazima awe na printa, na walishaandika printa mbili, ya kijivu na nyeusi. Fundi mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, kalamu sikioni, mdomo wazi.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu nimefumba macho. Nilifumba tu, sikuwa nimelala. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi, nikamwona Mama Pacha anaingia ubavu, anainama, anaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta, kama unavyompima mtoto homa. Akatabasamu. Akazima, taa ya bluu ikapotea.

Nilijiuliza, huyu anapima nini? Siku ile sikupata jibu.

Kiti chake kikagonga kitanda, akajitupa, na kabla sijahesabu tano nikasikia pumzi za mtu aliyelala kweli. Nikangoja kidogo, kuhakikisha hakuna wa kuanza kubishana. Hakuna. Basi nami nikayafumba macho kweli, nikalala.